Reli Iliyofuata Shaba

Kilomita 333 za reli zilijengwa kutoka Kampala hadi Kasese kulifuata shimo moja la mlimani. Zilivuka vinamasi vya mafunjo, zikateremka ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Kamwenge, na mwaka 1956 zikafika chini ya milima ya Rwenzori, kwenye tambarare iliyozoea tembo kuliko mabehewa. Kahawa na abiria walipakiwa pia, lakini hakuna serikali ya kikoloni ambayo ingemwaga fedha kiasi kile ili watu wapate kwenda Kasese kutembea. Iliyotakiwa ilikuwa shaba ya Kilembe.

Garimoshi liliacha kwenda huko katika miaka ya 1990. Siku hizi wageni wanaokwenda magharibi hupanda basi, na wengi wao hufuata sokwe, simba na vilele vyenye theluji. Wachache hujua kwamba njia yote, kuanzia kilima cha Mengo jijini hadi mpakani mwa Kongo, imetobolewa mashimo. Mengine yamechimbwa kwa sururu na baruti, mengine kwa maji na moto wa volkano, na mengine, wakiulizwa wazee wa Buganda, kwa hasira za ndugu wawili.

Ndugu hao ni Walumbe na Kayikuzi, na mashimo yao yako Ttanda, wilayani Mityana, mwendo mfupi kutoka barabara ya Kampala kwenda Fort Portal. Kila mtoto wa Kiganda amesimuliwa kisa hiki. Kintu, mtu wa kwanza, alimwoa Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni. Wakaambiwa waondoke upesi na wasirudi nyuma kwa lolote, maana Walumbe, kaka yake Nambi, angewafuata. Nambi akakumbuka mtama wa kuku wake, akarudi kuuchukua, na Walumbe akateremka naye duniani akaanza kuwaua watoto wao. Ggulu akamtuma Kayikuzi kumkamata. Watu wote waliamriwa kukaa ndani kimya. Wakimwona Walumbe, wasipige kelele. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walimwona, wakapiga kelele, naye akazama ardhini hapo Ttanda. Kayikuzi alichimba huku na huku mpaka akachoka, akarudi kwao. Kifo kikabaki.

Mashimo yenyewe yapo, membamba na yenye kina kirefu, yametawanyika msituni, na watunzaji wa mahali hapo huwaambia wageni kwamba yanazidi 200. Wanaokwenda huko si watalii tu. Kuna wanaopeleka sadaka, kuna wanaoomba kazi, watoto au nafuu ya ugonjwa, na moshi wa kuni hauishi kwenye vibanda vya ibada. Ni mahali pa kwanza pa kusimama kwa msafiri anayetaka kuijua Uganda ya chini ya ardhi, na pengine pa maana kuliko pote, kwa sababu hapa shimo halikuchimbwa kutafuta mali.

Mbele zaidi, karibu na Fort Portal, pango la Amabere ga Nyina Mwiru lina kisa cha ukoo wa kifalme. Mfalme Bukuku alitabiriwa kwamba mjukuu wake angemwua, akamfungia binti yake Nyinamwiru asipate mume. Binti alipata mimba hata hivyo, na mtoto akawa Ndahura, ambaye mapokeo ya Bunyoro na Toro humtaja kuwa mwanzilishi wa utawala wa Wachwezi. Inasimuliwa kwamba Bukuku alimkata binti yake matiti, nayo yakabaki mwambani yakidondosha maziwa. Mgeni huonyeshwa mawe yanayoning'inia kutoka darini na matone meupe yanayodondoka tone kwa tone. Mwalimu wa jiografia atasema ni maji yenye chokaa, yanayoacha chembe zake kidogo kidogo kwa karne nyingi. Maelezo yote mawili hutolewa na kiongozi yuleyule, kwa sauti ileile, wala haoni haja ya kuchagua.

Mashimo ya mali yanaanzia Katwe. Isichanganywe na Katwe ya Kampala, mtaa wa mafundi wa vyuma unaosikika kabla ya kuonekana. Katwe ya magharibi ni ziwa dogo ndani ya kreta ya volkano, kati ya maziwa Edward na George, na maji yake ni chumvi tupu. Kwa vizazi vingi chumvi hiyo ilisafirishwa vichwani na kwa mitumbwi, ikabadilishwa kwa chakula, mifugo na majembe katika nchi zote za jirani. Aliyeishika Katwe alishika biashara ya eneo zima, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro hakuwa tayari kumwachia mtu mwingine.

Frederick Lugard, kapteni wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki, alifika Mengo Desemba 1890 na kupiga kambi kwenye kilima ambacho leo huitwa Old Kampala. Haukupita mwaka kabla hajaelekea magharibi. Mwaka 1891 alijenga ngome ya Fort George huko Katwe, akawafukuza watu wa Kabalega, na akamweka Kasagama kwenye kiti cha ufalme wa Toro. Vitabu vya shule husimulia safari hiyo kwa habari za askari wa Kisudani aliokwenda kuwachukua, mabaki ya jeshi la gavana Emin Pasha. Ni kweli, lakini chumvi nayo ilikuwa sababu. Kampuni iliyokuwa ikifilisika ilihitaji kitu cha kutoza ushuru, na adui yake alihitaji kunyimwa mapato.

Chumvi ya Katwe bado inavunwa kwa mikono. Wavunaji husimama majini hadi kiunoni na kung'oa mabamba ya chumvi chini ya ziwa, huku wengine wakisubiri jua likaushe viwanja vidogo vya pembeni. Juu ya ukingo kuna gofu la kiwanda kilichojengwa na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kazi hiyo ifanywe na mashine. Maji ya ziwa yakala mabomba, na kiwanda kikafa kikiwa kichanga. Wavunaji hupita kando yake kila asubuhi wakienda kazini.

Miaka 15 baada ya Lugard alikuja mgeni wa namna nyingine. Luigi Amedeo, duke wa Abruzzi na binamu wa mfalme wa Italia, alitembea kutoka Entebbe na msururu mrefu wa wapagazi, akifuatana na mpiga picha Vittorio Sella na mwanajiolojia Alessandro Roccati. Tarehe 18 Juni 1906 alisimama juu ya Margherita, kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109, akakipa jina la malkia mama wa nchi yake. Ulimwengu ulikumbuka barafu. Historia ya mgodi huanza na safari hiyohiyo, maana dalili za shaba katika milima hii ziliandikwa wakati wa msafara wa Waitalia.

Rwenzori haikutokana na volkano, kama wengi wanavyodhani. Ni pande la mwamba wa kale sana lililosukumwa juu na nguvu zilezile zilizopasua Bonde la Ufa, na ndani yake mna tabaka lenye shaba, chuma, salfa na kobalti. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Tanganyika Concessions, iliyokuwa na mizizi katika shaba ya Katanga, ilianza kuchimba mahandaki ya utafiti kwenye bonde la mto Nyamwamba. Shaba ilipatikana. Kilichokosekana ni namna ya kuitoa: bandari ya Mombasa ilikuwa zaidi ya kilomita 1,600 kutoka hapo, bei ya shaba ilianguka katika mdororo wa miaka ya 1930, kisha vita vikaja. Mgodi ukalala.

Uliamshwa na Wakanada mwaka 1950, ilipoundwa Kilembe Mines Limited, na uliamshwa pamoja na mambo mawili makubwa. La kwanza ni reli. La pili ni bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth II Aprili 1954. Gavana Andrew Cohen na wapangaji wake walitaka Uganda yenye viwanda, na hesabu yao ilikuwa nyepesi kueleweka: umeme wa Jinja unahitaji mteja mkubwa, shaba ya Kilembe inahitaji tanuri, na reli itaviunganisha viwili hivyo ikipitia Kampala. Ukitazama ramani ya Uganda ya 1956 utaona uti wa mgongo mmoja kutoka mashariki hadi magharibi, na kila pingili yake ina jina la mradi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wachimbaji waliingia mlimani kwa mahandaki ya mlalo, ghorofa juu ya ghorofa, wakatoboa mwamba, wakapakia baruti, wakalipua. Mawe yalisagwa mpaka yakawa unga, yakachanganywa na maji na dawa za kufanya povu. Shaba ikapanda na povu, mchanga ukazama. Unga ulioshiba shaba ulipakiwa kwenye mabehewa Kasese na kupelekwa Jinja, ukayeyushwa katika tanuri la umeme, na mikate ya shaba ghafi ikaendelea hadi Mombasa kupelekwa ng'ambo. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa ya tatu kati ya mazao yaliyoiletea Uganda fedha za kigeni, nyuma ya kahawa na pamba.

Bonde la Nyamwamba likawa mji. Kampuni ilijenga nyumba za mistari Bulembia, Katiri na Kyanjuki, ikajenga hospitali, shule na viwanja vya michezo, ikawa na umeme wake wa mto Mubuku wakati sehemu kubwa ya nchi ilikuwa gizani. Maelfu waliajiriwa, kutoka pande zote za Uganda na nchi za jirani. Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo, walikuwa na la kusema. Eneo lao lilihesabiwa kuwa sehemu ya ufalme wa Toro, na manung'uniko yao juu ya shule, vyeo na heshima yalizaa vuguvugu la Rwenzururu chini ya Isaya Mukirania. Mwaka 1962, Uganda ikijiandaa kupandisha bendera yake, wao walitangaza kujitenga na Toro. Kwa miaka karibu 20 mlima uliokuwa ukitoa shaba tumboni ulikuwa na wapiganaji mabegani.

Anguko lilikuja kwa hatua. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na biashara ya kuagiza vipuri ikayumba. Bei ya shaba duniani ilipanda sana 1974, kisha ikaporomoka. Mwaka 1975 serikali iliuchukua mgodi kutoka kwa Wakanada wa Falconbridge. Mashine zilizoharibika hazikupata vipuri, mafundi waliondoka, vita vya 1979 vikapita, na kufikia 1982 uzalishaji ulikuwa umekwisha kabisa. Tanuri la Jinja likapoa. Katika uhai wake wote mgodi ulikuwa umechimba tani zipatazo milioni 16 za mawe.

Miaka hiyohiyo Kampala nayo ilichimbiwa shimo lake. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Amin, lilishambulia Lubiri ya Mengo, kasri la mfalme wa Buganda. Kabaka Mutesa II alitoroka na kufariki London 1969. Ikulu ikageuzwa kambi ya jeshi. Amin alipotwaa madaraka, ghala la silaha la zege lilijengwa ubavuni mwa kilima, ndani ya uzio wa kasri, na wasimulizi husema mafundi wake walikuwa Waisraeli, ambao aliwatimua nchini 1972. Ghala hilo likawa gereza. Ni ujia mmoja wenye vyumba pembeni, na sehemu yake ya mbele ilijazwa maji yenye umeme ili anayetaka kutoka asiweze. Watu walioingizwa humo hawakuwa na hatia inayojulikana. Leo bodaboda kutoka katikati ya jiji hufika langoni kwa dakika chache, na vikundi vya wanafunzi huletwa kwa basi. Kati ya mashimo yote ya makala hii ndilo lililo karibu zaidi, na ndilo ambalo wageni wengi hutoka bila kuuliza swali.

Mgodi uliofungwa haukai mtupu. Huko Kitaka, karibu na Ibanda, mahandaki ya zamani ya risasi na dhahabu yalipangwa na popo walao matunda, takriban 100,000. Wachimbaji waliporudi humo mwaka 2007, wanne waliugua homa ya Marburg na mmoja akafa. Ugonjwa huo una jina la mji wa Ujerumani kwa sababu ulitambuliwa huko 1967, wafanyakazi wa maabara walipoambukizwa na tumbili. Tumbili wale walikuwa wamesafirishwa kutoka Uganda. Kwa miaka 40 hakuna aliyekuwa ameonyesha kirusi kinapojificha. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe na wenzao wa Marekani na Afrika Kusini waliingia Kitaka wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga, wakawapima popo, na mwaka 2009 wakatangaza kuwa wamekipata kirusi hai ndani yao. Popo mmoja katika kila 20 hivi alikuwa na maambukizi.

Wachimbaji walikuwa wameshachukua hatua yao. Waliwaua popo kwa maelfu na kuziba milango ya mgodi. Popo wachache walirudi baadaye, na walipopimwa tena, kiwango cha maambukizi kilikuwa kimezidi maradufu: kundi la zamani lililojenga kinga lilikuwa limekufa, na vijana wasio na kinga wamechukua nafasi. Mwaka 2012 Marburg ililipuka tena katika eneo hilo.

Watalii nao walifikiwa. Pango la Chatu, katika msitu wa Maramagambo ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, lilikuwa kituo cha kawaida cha safari. Watu waliingia kutazama chatu wanaojipatia chakula kwa kuokota popo ukutani. Mwishoni mwa 2007 mwanamke wa Marekani alitembelea pango hilo, akaugua baada ya kurudi kwao, akapona. Katikati ya 2008 mwanamke wa Uholanzi alifika pia. Alifariki kabla ya Julai kwisha. Pango likafungwa. Baadaye kilijengwa kibanda cha kutazamia, umbali salama kutoka mdomo wa pango, na humo ndimo mgeni wa leo anamosimama. Anayetaka kuona bonde kwa miguu bila popo hupelekwa kwenye korongo la Kyambura, jirani tu, ambako mto umekata savana kwa kina cha mita 100 hivi na msitu wenye sokwe umeota chini, usionekane mpaka mtu afike ukingoni.

Kilembe ilipata uhai wa pili kupitia taka zake. Wachimbaji wa shaba walikuwa wameacha karibu na Kasese rundo la zaidi ya tani 1,000,000 za madini ya chuma na salfa yenye kobalti. Kila mvua iliponyesha, rundo lilitiririsha tindikali kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth, na palipopita nyasi zilikufa. Kuanzia 1999 Kasese Cobalt Company ililisafisha kwa bakteria: vijidudu vilitiwa ndani ya matangi makubwa, vikala salfa, kobalti ikabaki kwenye maji na kuvunwa. Rundo lilipoisha, miaka 14 hivi baadaye, kiwanda kilifunga. Mwaka 2013 serikali iliukodisha mgodi wenyewe kwa kampuni ya Kichina ya Tibet-Hima kwa miaka 25. Mkataba ulivunjwa 2017.

Mto umekuwa mkali kuliko wawekezaji. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilifurika na kubeba nyumba, madaraja na sehemu ya hospitali. Mei 2020 ilirudi na kuibomoa hospitali kiasi cha wagonjwa kuhamishwa. Mawe makubwa kama magari bado yametapakaa bondeni, yamechanganyika na mabaki ya taka za mgodi ambayo mto huendelea kuyala.

Kwingineko migodi iliyokufa imepata kazi nyingine. Sardinia, kisiwa cha Bahari ya Kati ambacho ukoo wa yule duke wa Abruzzi ulikuwa ukikitawala tangu karne ya 18, ilifunga migodi yake ya zinki na risasi, ikaigeuza kuwa hifadhi ya historia. Wageni hulipa kiingilio kupita katika Porto Flavia, handaki la 1924 linalotokea katikati ya jabali juu ya bahari. Kilembe haijafika huko. Ghorofa za chini zimejaa maji, na milango ya juu huingiwa kwa ruhusa tu, tena pamoja na kiongozi. Wengi wa wageni wanaolala bondeni wanakwenda juu zaidi: njia ya Kilembe ya kupanda Rwenzori huanzia hapo, hupita Kyanjuki na nyumba za wachimbaji, na humchukua mpandaji hadi Margherita na kumrudisha kwa wiki moja hivi. Viongozi na wapagazi wake wengi ni Wakonzo, na kazi hiyo sasa ni moja ya ajira za uhakika katika bonde lililowahi kuwalipa mishahara maelfu ya wachimbaji.